Matawi ya piza yasiyochafua mazingira: anza na oveni na jibini, mirija baadaye

Kama unasimamia matawi kadhaa ya piza na unataka kweli yapunguze kuchafua mazingira, weka pembeni kwanza habari za mirija ya kunywea na vibao vya kijani mlangoni. Moto na jibini ndo vimebeba mzigo mkubwa, na ndo watu hawataki kuvigusa maana hapo inabidi ubadilishe kazi yenyewe.

Chukua bili za umeme au gesi za kila tawi, gawanya kwa piza zilizouzwa mwezi huo, upate piza moja imekula kiasi gani, afu linganisha matawi. Lile linalokula sana nenda kakae nalo siku nzima, mara nyingi utakuta oveni zote zinawaka toka asubuhi na oda ya kwanza inaingia mchana, au mpira wa mlango wa chumba cha baridi umechoka. Oveni ya piza inakaa kwenye nyuzi 300 hivi na zile za kuni za Kinapoli zinapita 430, kwa hiyo kila saa inayowaka bure ni hasara kubwa. Pima inachukua dakika ngapi kupata moto, andika ukutani saa ya kuwasha, oveni ya kwanza na ya pili kila moja na saa yake.

Jibini sasa. Kilo moja inataka karibu lita 10 za maziwa, na ng'ombe anatoa gesi ya methani ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto mara 27 hivi kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule. Ndo maana nasema mizani ikae pale pale mezani, jibini isipimwe kwa kiganja, maana kila mpishi ana kiganja chake. Na marinara, ile ya nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni bila jibini kabisa, iweke juu kwenye menyu, ni piza ya heshima tangu zamani, usiifiche chini huko kama chakula cha mgonjwa. Donge la unga likibaki usitupe, weka kwenye friji kesho uchanganye kidogo kwenye unga mpya, ladha inakuwa nzuri zaidi.

Friji watu wanazisahau sana jamani. Fundi akija kila mara kuongeza gesi jua inavuja, gesi ya friji haiishi yenyewe, na kama ni aina ya R-404A kilo moja ikitoka ni sawa na karibu tani 4 za kaboni dioksaidi. Mwambie atafute tundu azibe kwanza. Ukinunua friji mpya uliza za R-290, yaani zinazotumia propani, gesi ambayo hata ikivuja haipashi dunia joto kiasi hicho.

Maboksi: mtake muuzaji akuandikie kwamba hayana PFAS, zile kemikali za kuzuia mafuta ambazo haziozi. Tandika karatasi chini ya piza ili mafuta yabaki kwenye karatasi na boksi litoke safi. Ila usiandike juu yake kwamba linarejelezwa kabla hujawauliza wanaokusanya taka za tawi husika, wengine wanapokea maboksi ya piza wengine hawapokei, na tangazo la uongo linaharibu hata yale mazuri unayofanya.

Halafu kila tawi liwe na mtu mmoja wa kuandika hizi namba kila mwezi, na awe mtu wa jikoni.