Njia ya kuufikia ujaji wa shirikisho nchini Marekani

Katiba ya Marekani haimdai jaji wa shirikisho umri fulani, wala shahada ya sheria, wala hata uraia. Ateuliwe na rais, athibitishwe na Seneti, basi. Wepesi huo usikudanganye, kwa sababu mchujo wenyewe hauko kwenye Katiba.

Anza na shahada ya kwanza ya fani yoyote, kisha miaka 3 ya chuo cha sheria. Mwaka wa kwanza chuoni ndio wa kukazana kuliko yote, maana alama zake ndizo majaji huzitazama wanapochagua makarani wao wa sheria. Karani hukaa na jaji mwaka mmoja au miwili, akipekua sheria, akichambua hoja za mawakili na kuandika rasimu za hukumu. Ukiifanya kazi hiyo vizuri, jaji huyo atakuwa mdhamini wako miaka ishirini baadaye. Ketanji Brown Jackson alikuwa karani wa Jaji Stephen Breyer, akafanya kazi ya wakili wa utetezi wa umma, akawa jaji wa wilaya (ngazi ya kwanza ya mahakama za shirikisho) 2013, wa rufaa 2021, na mwaka 2022 akaingia Mahakama ya Juu, kwenye kiti alichokiacha Breyer huyohuyo. Wapo pia wasiopita ngazi hizo: Elena Kagan hakuwahi kuwa jaji popote kabla ya Mahakama ya Juu.

Baada ya leseni ya uwakili, nenda kwenye kazi itakayokusimamisha mahakamani. Kamati ya Chama cha Mawakili cha Marekani, inayopima wateule, hutazamia uzoefu wa angalau miaka 12 katika sheria, na kwa jaji wa wilaya huupa uzito uzoefu wa kuendesha kesi. Hapa ndipo wengi hukwama. Kampuni kubwa za uwakili hulipa vizuri, ila kesi zake nyingi huishia kwenye maafikiano, na mtu hufika miaka arobaini hajawahi kumhoji shahidi mbele ya baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi. Waendesha mashtaka wa serikali na mawakili wa utetezi wa umma hawana upungufu huo.

Fungua jalada lako tangu kesi ya kwanza. Dodoso la Kamati ya Sheria ya Seneti litakudai kesi kumi nzito kuliko zote ulizoendesha: tarehe, mahakama, jina la jaji, wajibu wako ulikuwa upi, na namna ya kuwapata mawakili wa pande zote. Litadai pia kila makala uliyoandika na kila hotuba uliyotoa, hata ile fupi kwenye mahafali. Usipoitaja halafu maseneta wakaipata wenyewe, utaonekana umeificha, na hilo huumiza kuliko maneno yenyewe.

Kiti kikiwa wazi, bisha hodi kwa maseneta wawili wa jimbo lako. Wengi wana kamati ya kupokea maombi na kuwasaili watu. Kwa viti vya wilaya, kamati ya Seneti imekuwa ikisubiri kila seneta wa jimbo arudishe karatasi ya buluu ya kuridhia. Asiporudisha, jina lako huweza kufa hapo hapo, hata uwe bingwa kiasi gani. Ukivuka, utahojiwa na mawakili wa Ikulu, FBI, wapelelezi wa shirikisho, watakuchunguza hadi kwa majirani, kisha uteuliwe, usailiwe hadharani na kupigiwa kura. Tangu 2013, wingi wa kawaida wa kura unatosha kwa majaji wa wilaya na wa rufaa. Bunge likimaliza muhula wake kabla ya kura, jina hurudishwa kwa rais. Kwa hiyo usifunge ofisi wala kuaga wateja mapema.

Ipo njia isiyopita Seneti. Mahakimu wa shirikisho huchaguliwa na majaji wa wilaya kwa kipindi cha miaka 8, na kwa kawaida sharti ni angalau miaka 5 ya uwakili. Majaji wa kesi za ufilisi huteuliwa na mahakama za rufaa kwa miaka 14. Kwa asiye na mtu Seneti, mlango huu una akili zaidi kuliko kusubiri bahati.

Ukishaapa kwa njia ya Seneti, kiti ni chako maadamu una mwenendo mwema, na Katiba inakataza mshahara wako kupunguzwa. Mwaka 2025 jaji wa wilaya alilipwa dola 247,400. Huruhusiwi kufanya uwakili wala kuchangia chama cha siasa, na ukiwa na hisa, hata moja tu, katika kampuni iliyoshtakiwa, unajitoa kwenye kesi. Uza hisa hizo mapema. Kilicho kigeni kwa wengi ni presha ya mrundikano: maombi ya pande za kesi yaliyokaa zaidi ya miezi 6 bila uamuzi huchapishwa pamoja na jina la jaji, mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana maamuzi mengi hutoka wiki za mwisho za Machi na Septemba.

Ukifika miaka 65 na utumishi wa miaka 15, unaweza kuwa jaji mwandamizi, ukapunguza kesi huku mshahara ukiendelea. Kila mwaka wa umri unaoongezeka hupunguza mwaka mmoja wa utumishi, hadi miaka 70 kwa 10. Kiti chako huhesabiwa kuwa wazi siku hiyohiyo, na wanaokitaka huwa wameshaona tarehe yake kwenye orodha ya nafasi zijazo inayotolewa na idara ya mahakama.