Kondo la nyuma likikaa mbele: mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kusubiri mtoto acheze

Tuanze na jina, maana ndilo linalowachanganya wengi. Kondo la nyuma, ile nyama inayompitishia mtoto hewa na chakula tumboni, haliitwi hivyo kwa sababu limekaa mgongoni. Linaitwa hivyo kwa sababu hutoka nyuma ya mtoto, yeye akishazaliwa. Kwa hiyo kondo la nyuma linaweza kabisa kukaa mbele, na mtu asikutishe. Mimba ilipojishikiza, ilijishikiza kwenye ukuta wa mbele wa mfuko wa uzazi, ule unaotazama kitovu, na kondo likaota hapohapo. Hukulala vibaya, hukubeba ndoo nzito, wala haihusiani na mtoto kuwa wa kike au wa kiume. Kinachobadilika ni namna utakavyomsikia mtoto akicheza, na hapo ndipo yanapotakiwa maandalizi.

Kwanza, soma karatasi ya ultrasaundi kabla hujaikunja na kuitia kwenye kadi ya kliniki. Tafuta mstari wa "placenta", ndilo kondo lenyewe. Ukikuta "anterior", liko mbele; "posterior", liko nyuma; "fundal", liko juu kileleni. Usiishie hapo. Uliza lina umbali gani kutoka mlango wa kizazi. Likiwa chini ya sentimita 2, au limefunika mlango wenyewe, utatakiwa kurudia kipimo karibu na wiki ya 32. Mara nyingi litakuwa limepanda, kwa sababu kizazi hutanuka na kulivuta juu. Na wakati wowote wa mimba, damu yoyote ukeni, hata isiyo na maumivu, ni safari ya hospitali.

Swali la pili ni la aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Uliza kama kondo limekaa juu ya kovu. Kondo lililo mbele na chini, kwa mama mwenye kovu, linaweza kujichimbia kwenye kovu hilo na kugoma kubanduka baada ya mtoto kutoka. Hilo linahitaji daktari wa wanawake alitazame mapema, na mpango wa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa. Kituo cha karibu na nyumbani hakifai kwa hili, hata kama nesi wa pale ni dada yako.

Pili, hakikisha wiki zako. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si tangu siku uliyopima mkojo. Mama anayelalamika kwamba ana wiki 22 na hajasikia kitu, wakati mwingine ana wiki 18. Kama hedhi yako huruka au hukumbuki tarehe, ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo ndiyo inayokadiria vizuri zaidi. Ya mwezi wa nane hupishana na ukweli kwa wiki kadhaa.

Tatu, ujue lini utegemee. Wanawake wengi huanza kusikia mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 24. Wa mimba ya kwanza mara nyingi huchelewa kidogo kuliko waliokwisha kuzaa. Kondo likiwa mbele, ongeza subira. Mtoto anacheza kama wenzake, ila kati ya mguu wake na ngozi ya tumbo lako pana mto mnene wa nyama na damu. Ni kama mtu kubisha hodi kwenye mlango uliotundikwa godoro: anabisha kwa nguvu zilezile, wewe ndani unasikia kwa mbali. Ikifika wiki ya 24 na bado hujasikia chochote, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda wakamsikilize.

Halafu ujue pa kumtafutia. Wengi huweka kiganja katikati ya tumbo, juu ya kitovu, ambapo ndipo penye godoro. Mtafute pembeni, kiunoni kushoto na kulia, na chini kabisa juu ya kinena. Wa kondo la mbele wengine mtoto huwaanza kwa kuwapiga kibofu, wakaamka usiku kwenda chooni bila kujua ni salamu. Mwanzoni husikii teke. Unasikia kitu kama samaki mdogo anayepiga mkia kwenye ndoo, au mapovu yanayopanda. Ukiwa umesimama au unatembea hutasikia. Lala, tulia, zima redio. Na baba mtoto asinune akiwekeshwa mkono na kuambulia patupu. Yeye atasubiri zaidi yako.

Godoro huzuia sana kabla ya wiki ya 28. Baada ya hapo mtoto amekuwa na nguvu, unapaswa kumsikia kila siku. Ukiona bado ni mzito kusikika, huenda pia ameuelekeza mgongo wake mbele na miguu anairushia huko uti wa mgongo wako ulipo. Kaguzi za kliniki zitakuambia amelalaje.

Usitafute wa kulihamisha kondo. Likiwa mbele litabaki mbele, na hakuna mkando wala kitambaa cha kufunga tumbo kitakachoupeleka mto huo nyuma. Kukandwa tumbo kwa nguvu ni hatari, maana kondo linaweza kubanduka kabla ya wakati. Mama anayekupenda akusinge mgongo na miguu, tumbo aliache.

Kuanzia wiki ya 28, shika tabia ya mtoto wako. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kila mtoto ana saa zake. Wengi huchangamka alasiri na usiku, na hulala usingizi wa dakika 20 hadi 40 kwa mkupuo, mara chache kupita dakika 90. Chagua saa anayopenda kucheza, tuseme saa mbili usiku baada ya kula. Lala ubavu wa kushoto, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya kinena. Andika saa uliyoanza. Hesabu kila teke, kila kujigeuza, kila kujivuta. Kwikwi, ule mdundo wa sawasawa kama saa ya ukutani, usiuhesabu. Ukifika 10, andika saa uliyomaliza. Usifanye hivyo huku unatazama tamthilia, utadanganyika. Muda wa saa mbili ukipita tangu uanze na hujafikisha 10, unatoka kwenda hospitali usiku huohuo.

Lakini namba isikupumbaze. Mtoto aliyezoea kukupa 10 ndani ya dakika 25, akaja kuzitoa kwa saa moja na dakika 40, kwenye karatasi amefaulu. Kwako amebadilika. Mwenye kumjua ni wewe.

Hapa tunarefusha, kwa sababu kisa hiki hujirudia kwa sura ileile.

Mama ana wiki 34, mimba ya kwanza. Kwenye ultrasaundi ya wiki ya 19 aliambiwa kondo liko mbele. Wiki ya 21 hajasikia kitu, akahangaika, nesi akamjibu: "Usijali mama, kondo lako liko mbele, ndiyo maana." Jibu lilikuwa sahihi, na wiki ya 23 akaanza kumsikia. Kufika wiki ya 30 mtoto ana ratiba: akishakula usiku, teke chini ya mbavu za kulia, na jingine, na jingine. Ijumaa moja usiku teke halikuja. Akadhani amelala. Jumamosi asubuhi akasikia kama kujivuta, mara mbili, basi. Shoga yake akamwambia anywe soda baridi. Mama mkwe akamtuliza kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, nafasi imekwisha. Yeye mwenyewe akamalizia na lile alilolihifadhi tangu wiki ya 21: tena kondo langu liko mbele. Kliniki ni Jumatatu. Akasubiri.

Wapo wanaofika Jumatatu wakakuta mapigo yapo. Wapo wanaokuta hayapo.

Sasa tazama. Alhamisi kondo lilikuwa mbele na teke lilisikika. Ijumaa kondo liko palepale, halijanenepa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo si kondo. Kukaa mbele kunaeleza kwa nini ulichelewa kumsikia na kwa nini unamsikia kwa unyonge. Hakuelezi hata kidogo kwa nini leo amepungua kuliko jana. Jibu la wiki ya 21 limeishia wiki ya 21. Mtoto asiyepata hewa na chakula cha kutosha kupitia kondo hubana matumizi, na kucheza ni kati ya vitu vya mwanzo anavyopunguza. Una muda wa kumwahi, lakini hujui ni mrefu kiasi gani.

Na yale mengine mawili? Soda, maji ya barafu au kipande cha tende havithibitishi kitu. Vinakula saa zako tu. Na si kweli kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, kujisukuma na kujinyoosha kukazidi mateke, lakini wingi wake haupaswi kushuka. Anapaswa kucheza mpaka siku ya uchungu, na hata uchungu ukiwa umeanza.

Kuna pia vile vidude vya kusikilizia mapigo nyumbani, vinavyouzwa mitandaoni. Achana navyo. Kondo likiwa mbele, kitu cha kwanza kitakachovuma humo ni damu inayopita kwenye kondo na kizazi, vuu, vuu, vuu, kwa mwendo wa mapigo yako mwenyewe. Utajisikiliza mwenyewe, utulie, ulale. Na hata ukiyapata ya mtoto kweli, umejua kwamba dakika hiyo moyo unapiga, basi. Hujajua kama amechoka.

Ukifika hospitali, chagua maneno. Sema: "Nina wiki 34, mtoto amepunguza kucheza tangu jana saa mbili usiku." Usianze na "sijisikii vizuri". Na habari ya kondo usiitangulize. Ukiitaja kwanza unampa anayekusikiliza sababu ya kukurudisha nyumbani. Akiuliza, mjibu.

Anayetumia fetoskopu, ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto, atahangaika kidogo, kwa sababu ya godoro lilelile. Asogeze pembeni, atafute mgongo wa mtoto kwa mikono kwanza, na wakati anasikiliza akushike kifundo cha mkono alinganishe na mapigo yako. Mapigo ya mtoto huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, yako kwa kawaida hayafiki huko. Lakini ukiwa na homa au hofu yanakimbia, ndiyo maana kulinganisha ni lazima. Kuanzia wiki ya 28, penye mashine ya kuchora mapigo ufungwe mkanda walau dakika 20, na wakupime kimo cha tumbo. Wasiwasi ukibaki, iongezwe ultrasaundi ya kuangalia maji na ukuaji. Pasipo na mashine, omba rufaa kwenda penye nayo. Usikubali kuondoka kwa "mapigo yapo, nenda" kama mtoto mwenyewe bado hujamsikia.

Ukiruhusiwa na kesho akapungua tena, rudi tena. Hakuna aliyewahi kuandikiwa faini kwa kwenda mara tatu.

Kuna dawa zinazomtuliza mtoto: za usingizi, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, ambazo zinaweza kumpunguza kwa siku moja au mbili. Hata hivyo toa taarifa. Usijipe jibu mwenyewe. Pombe na sigara navyo humpunguza, sidhani kama hilo linahitaji maelezo.

Mengine ni ya kujipanga mapema. Nauli ya dharura iwekwe kando, isiguswe na ada wala vikoba. Tanzania, namba 115 ya m-mama ni bure kwa usafiri wa dharura wa mjamzito. Iandikwe kwenye simu ya baba, ya jirani, na ukutani, kwa sababu simu yako ndiyo itakayokuwa imeisha chaji. Kadi na karatasi zote za ultrasaundi zikae mfuko mmoja, na anayebaki na watoto usiku ajulikane kwa jina.

Ukianguka, ukigongwa tumboni, au boda ikaruka tuta vibaya, nenda wakakutazame hata kama huoni damu. Tumbo likikaza kama ubao na kuuma bila kuachia, usikae. Kwenye gari mkanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Kuanzia wiki ya 28 anza usingizi wako kwa ubavu, si chali. Ukiamka na kujikuta chali, geuka tu, usitafute mchawi. Kichwa kikiuma sana na macho kuona nyota, maji yakivuja, homa, uso kuvimba ghafla, ni hospitali. Vidonge vya kuongeza damu endelea navyo, chandarua kishushwe, na ile kadi usimwachie mtu akatoke nayo.