Kuchagua nchi ya baridi ya kusomea: somo moja, nisiulizwe tena

Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Nitafutie nchi ya kusoma, ya ng'ambo, isiyo na karo." Nilisoma Oulu, mji wa Finland, sasa nimerudi Nairobi, na wengi wenu huwasaidia jioni nikitoka kazini. Majibu yote ni haya hapa. Atakayeuliza bila kusoma, nitamrudisha kwenye namba ya hatua.

Hatua ya 1. Pasipoti. Iombe leo kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, usingoje barua ya chuo.

Hatua ya 2. Futa ile orodha ya "nchi za bure" inayozunguka WhatsApp. Denmark ilianza kuwatoza karo wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2006, Sweden 2011, Finland 2017, Norway 2023. Ujerumani bado haitozi karo katika vyuo vingi vya umma, ila jimbo la Baden-Württemberg hudai yuro 1,500 kwa muhula. Tena KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, peke yake kwa kawaida haikuingizi chuo kikuu cha Ujerumani moja kwa moja. Utapitia kwanza Studienkolleg, mwaka wa matayarisho, mara nyingi kwa Kijerumani. Sweden na Finland zina ufadhili, kwa hiyo msizitupe, lakini ufadhili wa karo haununui chakula.

Hatua ya 3. Pesa za kujikimu. Hapa tulieni, maana hapa ndipo naona watu wakikwama wakiwa na barua ya chuo mkononi. Chuo kukukubali ni jambo moja. Idara ya uhamiaji ni jambo jingine, nayo inataka kuona utakula nini.

Ujerumani wana akaunti maalumu, Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 unaweka yuro 11,904, na ukishafika unaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Finland, tangu Novemba 2024, ni yuro 800 kwa mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka, na ziwe kwenye akaunti yako wewe. Barua ya mjomba aliye Dallas akiahidi kukutunza haitoshi. Canada, tangu Septemba 2025, ni dola 22,895 za kwao kwa mtu mmoja, mbali na karo ya mwaka wa kwanza na nauli. Piga hesabu kwa shilingi ukiwa umeketi.

Onyo: usiazime pesa za chama zilale kwenye akaunti wiki moja kisha uzirudishe. Afisa huuliza zilikotoka. Kama mliuza kipande cha shamba, ambatisha mkataba wa mauzo. Kama ni sacco, taarifa ya sacco.

Onyo jingine: viwango hivi hupanda. Finland ilikuwa yuro 560 tu kabla ya hapo. Soma tovuti ya uhamiaji ya nchi yenyewe siku ile unayojaza fomu, hata kama mimi hapa nimeandika vingine.

La mwisho: karo hulipwa kwenye akaunti ya chuo, si kwa simu ya ajenti. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipia safari za masomo za Finland na Canada. Sitaki kusema zaidi.

Hatua ya 4. Soma sheria ya kazi baada ya kuhitimu kabla ya kuchagua chuo. Finland unaweza kupewa kibali cha miaka miwili cha kutafuta kazi. Canada, chuo cha binafsi kinachofundisha mtaala wa chuo cha umma kwa mkataba hakikupi kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu ikiwa ulianza masomo baada ya tarehe 15 Mei 2024.

Hatua ya 5. Angalia mji, usiangalie nchi tu. Baridi na giza havitembei pamoja. Winnipeg, Canada, usiku wa Januari unaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, lakini mchana una saa nane hivi za mwanga. Helsinki haina ukali huo, ila mwishoni mwa Desemba mchana haufiki urefu wa saa sita, na Oulu ni urefu wa kama saa tatu na nusu. Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili mwaka mzima, giza ndilo hutulemea. Mimi ningechagua baridi.

Hatua ya 6. Nyumba. Omba siku ileile unayokubaliwa: mashirika ya nyumba za wanafunzi ni HOAS kwa Helsinki na PSOAS kwa Oulu.

MASWALI

Kijana wa Kasarani: Kwa hivyo nchi gani ni rahisi?
— Hatua ya 2 na ya 3.

Otis: Ajenti wangu ameniambia Norway ni bure, na amepeleka watu wengi. Labda wewe hujui.
— Muulize aliwapeleka mwaka gani. Karo ilianza muhula wa vuli 2023. Usipoamini, fungua tovuti ya chuo chochote cha umma cha kule, usome mwenyewe.

Mama Baraka: Samahani kwa usumbufu. Binti yangu anataka uuguzi Finland, kwa Kiingereza. Inawezekana?
— Si usumbufu, mama. Kozi zipo, lakini wodini mgonjwa huongea Kifini. Aanze kukisoma sasa, hata kabla ya kutuma maombi. Wanaongoja kufika huko huhangaika kupata mahali pa mazoezi.

Mwalimu wa Jografia: Winnipeg iko kusini ya Helsinki kwa nyuzi kumi za latitudo. Mbona inaishinda kwa baridi?
— Mwalimu, swali zuri. Winnipeg iko katikati ya bara, mbali na bahari, na hewa ya Aktiki inashuka juu ya tambarare bila kizuizi. Ulaya ya kaskazini hupata upepo uliopita juu ya maji yenye joto ya Atlantiki. Tazama Bergen, Norway: iko kaskazini kama Helsinki, lakini majira ya baridi huelea karibu na sifuri. Hapo utanyeshewa tu.

Shiru: Koti la mtumba la soko la Gikomba litatosha?
— Litatosha, nimeona mazuri kabisa pale. Kagua zipu, na lifunike makalio. Ndani vaa sufu, usivae pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha.

Otis: Na viatu?
— Nunua huko. Chukua namba moja zaidi ya yako, soksi nene ipate nafasi.