Kabla Hujatuma Laptopu Lamu

Laptopu ya kwanza niliyompelekea mpwa wangu niliinunua Hamburg kwa bei ya kutupa. Wiki haijaisha, simu ikalia: "Mjomba, mbona nabonyeza Z yatoka Y?" Kibodi ya Kijerumani hiyo, herufi hizo mbili zimebadilishana mahali. Tulibadilisha mipangilio, lakini maandishi ya vitufe yakaendelea kumdanganya.

Hilo lilikuwa dogo. Kilichoiua mashine ile ni hewa ya nyumbani. Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, bahari unaisikia kutoka ukumbini, na chokaa ya ukuta hudondoka kama unga. Fundi alipofungua kifuniko cha chini alikuta feni imeganda vumbi jeupe, na tundu la chaja limeota kutu ya kijani. Kwa hiyo siku hizi nikinunua, swali langu la kwanza ni hili: yafunguka kwa bisibisi ya kawaida? Zile nyembamba zilizogundishwa kwa gundi, RAM (kumbukumbu ya kazi) imechomelewa, ziache huko huko.

Mimi hutafuta zilizotoka maofisini, kama ThinkPad T480 ya Lenovo. Betri yake moja huchomoka kwa nje bila kugusa skrubu. Lakini soma jina la prosesa, ubongo wa kompyuta: baada ya i5 au i7, namba ianze na 8, kwa mfano i5-8250U. Kuna T480 zenye kizazi cha saba (namba yaanza na 7), nazo Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa 14 Oktoba 2025. Ukishaipata ya zamani, weka Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ni bure na kazi za shule inafanya.

Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, ubonyeze F1 inapowaka (kwa Dell ni F2) uingie BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe. Ikidai nenosiri asilolijua, aga uende zako, hata kama bei ni tamu. Kisha, Windows ikishafunguka, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ufungue ripoti inayotoka, ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uliobaki. Umeshuka chini ya nusu? Punguziwa bei ya betri nzima.

Chaja iwe imeandikwa 100-240V. Walio Marekani wanaotuma kompyuta za mezani watazame nyuma: baadhi zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikisahauliwa kwenye 115, umeme wetu wa 240 utaiunguza siku hiyo hiyo. Betri ya akiba ibebe mkononi ndani ya ndege, kamwe usiitie kwenye begi la kupakiwa.

Ikifika, itumike kila siku, maana joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Ya kufungiwa kabatini huoza upesi zaidi. Usiku ilale kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Feni isafishwe kila miezi mitatu, nayo izuiwe kwa kijiti isizunguke unapopuliza. Stima ikikatika, chomoa chaja. Usisubiri irudi kwa kishindo.

Na aliyetumwa kuipokea Mokowe, gati la bara, aifunge nailoni mbili, aipakate mapajani hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Sakafuni mwa boti kuna maji ya chumvi hata bahari ikiwa shwari.