Kunyoa Manyoya Kuzunguka Kidonda cha Punda Anayeogopa Mashine

Katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Kongwa, mkoani Dodoma, punda ndiye anayebeba madumu ya maji na kuvuta mkokoteni wa kuni na mavuno, na kidonda ninachoitwa kukitibu mara nyingi ni kilekile: mchubuko wa juu ya mabega au wa kifuani, uliotokana na kamba, ukanda mwembamba wa mpira wa tairi, au nira iliyochongwa kwa ajili ya ng'ombe. Manyoya yanayozunguka kidonda hicho hushikana na usaha na vumbi yakawa gamba, na dawa haifiki mahali pake mpaka yanyolewe. Mwenye punda anajua hivyo, lakini mlio wa mashine ukianza punda huruka, ndipo vijana watatu huitwa wamshike kwa masikio.

Kabla ya hatua zenyewe, naomba msomaji azingatie jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua. Punda mwenye hofu hakimbii kila mara. Mara nyingi husimama tuli kama mti. Miaka ya mwanzo nilimfunga punda mmoja kwa kamba fupi kwenye mbuyu, nikamwona ametulia, nikaanza kunyoa, na katikati ya kazi akajitupa nyuma kwa nguvu zake zote hata kidonda kikafunguka upya. Hakuwa ametulia hata kidogo. Punda aliyetulia hulegeza mdomo wa chini, huteremsha kichwa, hupumzisha mguu mmoja wa nyuma na kutafunatafuna. Mwenye hofu hubana midomo na mkia, hukaza shingo, na weupe wa jicho lake huonekana. Tangu siku ile naangalia mdomo kabla ya kuangalia miguu.

Fanya kazi asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kupuliza vumbi na kabla nzi hawajazidi. Kwa eneo dogo mashine ya kinyozi yenye betri inafaa, ilimradi wembe wake uwe mkali na umetiwa mafuta, kwa sababu wembe butu huvuta nywele na maumivu hayo punda hayasahau. Mashine hiyo isirudi tena kunyoa watu. Manyoya yawe makavu na yamepanguswa vumbi. Mlete pia punda mwenzake anayelala naye zizini, asimame karibu, kwani punda aliyetenganishwa na mwenziwe ana hofu tayari hata kabla hujawasha chochote. Kamba ya kichwani ishikwe na mtu anayemfahamu, ikiwa imelegea, wala isifungwe kwenye mti.

Hatua ya kwanza ni mlio peke yake. Washa mashine ukiwa umbali wa hatua kumi au zaidi, pale ambapo punda anageuza sikio tu bila kukaza mwili. Subiri. Akilegea, izime papo hapo na umpe pumba kidogo mkononi. Rudia, ukisogea hatua moja moja. Hapa ndipo wengi hukosea: huzima mashine punda anaporuka, naye hujifunza kwamba kuruka ndiko kunakoondoa mlio. Mashine inyamaze anapotulia. Ikiwa ameruka, ina maana umesogea haraka mno. Rudi nyuma mpaka atulie, kisha uzime.

Hatua ya pili ni mguso. Simama usawa wa bega lake, mpapase kwa kiganja, kisha mguse kwa mashine iliyozimwa, ukianzia begani palipo pazima. Akikubali, weka kiganja chako juu ya ngozi yake na uiwashe mashine ikiwa imelala mgongoni mwa kiganja hicho, ili mtetemo umfikie umepungua. Baadaye ondoa kiganja. Kwa punda wengine yote haya huchukua nusu saa, kwa wengine siku tatu au nne za dakika kumi kumi, na sijawahi kujutia siku hizo.

Hatua ya tatu ni kidonda chenyewe. Kwanza kijaze jeli inayoyeyuka kwenye maji, au kifunike kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi, ili nywele zinazokatwa zisiingie ndani. Maji hayo huandaliwa kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Nyosha ngozi kwa mkono wa pili na unyoe kuanzia ukingoni kwenda nje, upana wa sentimita mbili hivi na si zaidi, kwa kuwa ngozi iliyo wazi huungua kwa jua. Kila baada ya muda mfupi gusisha wembe sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono wako. Ukiuona umepata moto, acha upoe. Gamba lililoshika sana lilainishe kwa maji ya chumvi badala ya kulibandua. Punda akianza tena kubana midomo, pumzika, hata kama umebakiza nusu.

Yuko punda ambaye maumivu yake ni makali kiasi kwamba subira haitoshi. Huyo mwite daktari wa mifugo amchome dawa ya kumtuliza, wala usimkadirie kipimo cha dawa mwenyewe. Muulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda, ugonjwa ambao punda huupata kwa urahisi kupitia jeraha.

Ukimaliza, osha kidonda kwa maji yaleyale na ukague kila asubuhi kama nzi wametaga mayai. Mkokoteni usiguse mwili huo mpaka ngozi ifunge kabisa, na siku atakaporudi kazini avute kwa mkanda mpana wa kifuani uliowekewa blanketi kuukuu, maana punda hana nundu ya kusukumia nira.