Kabla Hujaubebesha Msuli Mzigo

Pasha mwili moto, anza na uzito mdogo, pumzika. Masharti haya yamesikika mara nyingi mno hadi watu wanayafuata nusunusu. Ukijua kilichomo ndani ya msuli, utaona kila sharti linalinda sehemu gani, na lipi ukilipuuza utaumia kweli.

Msuli ulioshikana na mfupa umefungwa kwa utando imara ambao mwishoni huungana na kano. Ndani yake mna mafungu, na katika kila fungu mna nyuzi. Uzi mmoja ni seli moja yenye viini vingi, unene wa takriban mikrometa 10 hadi 100, na urefu unaoweza kufika sentimita kadhaa. Seli hiyo imejaa vijinyuzi vilivyogawanyika katika vipande vifupi vinavyofuatana, viitwavyo sakomeri, kila kimoja kikiwa na urefu wa mikrometa 2 na ushei msuli unapotulia. Humo filamenti (nyuzi ndogo mno za protini) nyembamba za aktini zimepangwa katikati ya filamenti nene za miosini, zenye vichwa vinavyoishika aktini. Msuli unapojikaza, filamenti hazifupiki. Zinateleza na kupishana. Maelezo hayo yalitolewa mwaka 1954 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na Hugh Huxley na Jean Hanson. (Hao Huxley wawili hawakuwa ndugu.)

Kwa kuwa nguvu hutokana na kupishana huko, urefu wa msuli kabla ya kuanza una maana kubwa. Ukivutwa kupita kiasi, vichwa vichache tu vya miosini hupata aktini ya kushika. Ukikunjwa kupita kiasi, filamenti hubanana na nafasi ya kuteleza huisha. Msuli huwa na nguvu zaidi katikati ya safari yake, basi usiujaribie uzito mpya mahali ambapo kiungo kimenyooka au kukunjwa hadi mwisho. Kujinyoosha kwa kutulia, ukishikilia msuli mmoja zaidi ya sekunde 60, nako hupunguza nguvu yake kwa muda. Kuache hadi baada ya mazoezi. Kabla yake, zungusha mikono, rusha miguu, chuchumaa bila uzito.

Kupasha mwili moto ndilo sharti lisiloruhusu mkato. Amri ikifika kwenye ncha ya neva, asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe, humwagika, umeme husambaa juu ya uzi na kuzama ndani yake, na vifuko vilivyozunguka vijinyuzi huachia kalsiamu. Kalsiamu hushika protini iitwayo troponini, troponini huisogeza nyingine, tropomiosini, iliyofunika aktini, na hapo vichwa vya miosini hushika, huvuta, huachia, kisha hushika tena mbele kidogo. Nyingi ya hatua hizi ni kemia, na kemia huenda mbio zaidi penye joto. Dakika 10 za mwendo wa wastani, hadi jasho lianze kuchomoza, zinatosha watu wengi. Kisha fanya seti mbili au tatu za zoezi lenyewe, kwa nusu ya uzito uliokusudia, halafu karibu robo tatu. Mwili huita kwanza neva zinazotawala nyuzi chache na huongeza zile kubwa kadiri mzigo unavyozidi, hivyo ngazi hizo zinafuata mpangilio wake wenyewe.

Hesabu pia nishati. ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, iliyomo msulini hutosha sekunde chache tu za kazi nzito. Kreatini fosfeti, akiba ya haraka ya kuitengeneza upya, huisukuma hadi karibu sekunde 10, kisha mzigo mkubwa huangukia glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa msulini. ATP haitumiki kwa kuvuta peke yake. Kichwa cha miosini hakiwezi kuachia bila ATP mpya, na kurudisha kalsiamu vifukoni kunaigharimu pia, ndiyo maana maiti, iliyoishiwa ATP, hukakamaa. Kwa seti nzito tenga dakika 3 hadi 5 za kupumzika ili kreatini fosfeti ijijaze. Ukipumzika sekunde 40 ukadhani umedhoofika, kosa ni la saa.

Mahali ambapo wanaoanza huumia zaidi ni kwenye kushusha. Unapoteremka mlima au kuushusha uzito polepole, msuli unajikaza huku ukivutwa kuwa mrefu, na baadhi ya sakomeri hunyooshwa hadi kuvurugika. Maumivu huja baadaye, na kilele chake ni kati ya saa 24 na 72. Asidi ya maziwa husingiziwa bure: ilishaondoka msulini ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Siku ya kwanza fanya seti moja au mbili, uache ukiwa bado unaweza kuendelea. Msuli ulioonja dozi ndogo hauumii sana kama mwanzo mara ya pili, kwa hiyo mbio za kuteremka zijaribiwe wiki mbili au zaidi kabla ya mashindano. Na nguvu ikipanda haraka katika wiki za mwanzo usidanganyike. Sehemu kubwa ni neva zilizojifunza kuita nyuzi nyingi kwa pamoja, wakati kano hubadilika taratibu.

Ahirisha mazoezi makali ukiwa na homa, na ukitumia dawa za kupunguza kolesteroli ukapata maumivu ya misuli yasiyoeleweka, muulize daktari kwanza. Joto kali, upungufu wa maji na kazi usiyoizoea vikikutana, nyuzi huweza kupasuka kwa wingi na kumwaga mioglobini, protini ya msuli, kwenye damu, nayo huziumiza figo. Dalili zake ni misuli iliyovimba na kuuma kupita kawaida, udhaifu, na mkojo wa rangi ya chai iliyokolea. Ukiuona mkojo huo nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama maumivu yanavumilika.