Kujitolea kwenye kituo cha watoto Tanzania: kazi zenyewe, toka uji wa alfajiri hadi siku ya kuaga

Kabla ya kukata tiketi, malizana na makaratasi. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata isiyo na mshahara. Anayejitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja C. Kituo kinachokuambia "ingia tu kama mtalii, tutaona huku" kinakuweka pabaya, na usishangae leseni yake nayo ikiwa na walakini. Omba uione. Kisipokudai cheti cha polisi cha nchi unakotoka, jua hakichuji watu wanaolala jirani na watoto.

Ukifika, fahamu kwamba mama mlezi ndiye anayebaki, wewe unapita. Kazi yako ni kumpunguzia mzigo ili yeye apate muda wa kukaa na watoto. Ndiyo maana mgeni hupelekwa jikoni au kwenye mabeseni ya kufulia kwanza, wala si dharau.

Watoto watakuamkia "shikamoo". Jibu "marahaba" hata kama una miaka 19, na wewe umwamkie hivyo hivyo mpishi na mlinzi waliokuzidi umri. Upande wa Arusha na Manyara, mtoto wa Kimaasai anaweza kuinamisha kichwa mbele yako bila kusema neno: mguse utosini kwa kiganja, basi.

Uji wa watoto 40

Kikombe cha mililita 300 kwa kila mtoto ni lita 12. Unga wa dona au wa lishe, kilo 1.2 hadi 1.5. Watoto wakinywa saa kumi na mbili na nusu, moto uwashwe saa kumi na moja na robo, na kuni ziwe zimeingizwa ndani tangu jana. Zikinyeshewa utapuliza moshi mpaka kengele ya shule ilie.

Chemsha lita 10 za maji. Pembeni, vuruga unga wote katika lita mbili na nusu za maji baridi mpaka usibaki mkavu chini ya beseni. Mimina kidogo kidogo kwenye maji yanayotokota huku mwenzako akikoroga na kukwangua chini ya sufuria kwa mwiko. Unga mkavu ukitiwa moja kwa moja kwenye maji ya moto huiva nje na kubaki mbichi ndani. Hayo ndiyo madonge, na ukishayapata hutayamaliza kwa kukoroga, chuja.

Uji ukishashikana, punguza kuni, acha utokote dakika 15 hadi 20. Wenye haraka huupakua ukianza tu kuwa mzito, nao unakuwa bado na ladha ya unga mbichi. Sukari, gramu 400 hivi, iingie mwisho, maana ikitangulia uji hushika chini na kuungua. Karanga za kusaga usiongeze kwa hiari yako: muulize mama mlezi kama yupo mtoto zinayemdhuru.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, kisha subiri dakika 30. Yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Darasani

Darasa la kwanza na la pili ni KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Usimpokonye mwalimu kipindi. Kaa nyuma na watoto wanne au watano walioachwa na wenzao, kila mmoja na vifuniko 20 vya soda vya kuhesabia. Kosa linalojirudia ni kufundisha herufi kwa majina ya Kiingereza. Mtoto hapa anasoma kwa silabi, ba be bi bo bu. Ukimwambia "bii, ei", neno "baba" linamshinda kesho yake.

Afya

Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati kupimwa malaria siku hiyo hiyo, asilazwe na Panadol kusubiri kesho. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake, yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Wakati huo mashine ya kunyolea na taulo visichangiwe. Kila dawa iandikwe daftarini: jina, kipimo, saa, aliyetoa. Bila daftari, mtoto hupewa dozi mara mbili, na wewe na wa zamu ya jioni.

Mtoto anayekurukia na kukung'ang'ania dakika ya kwanza si lazima awe amekupenda. Huenda amezoea watu wazima wanaokuja na kutoweka. Mpokee kwa upole, kisha mrudishe kwa mlezi wake: "Twende tukamwonyeshe mama." Kuogesha na kulaza ni kazi ya walezi, na usijifungie chumbani na mtoto mmoja. Zawadi zikabidhiwe stoo zigawiwe sawa. Sura za watoto zisiingie kwenye simu yako.

Siku ya kuondoka itajwe wiki mbili kabla, na iandikwe kwenye kalenda ya ukutani ambayo watoto wanaiona. Usiseme "nitarudi" kama huna tarehe. Mkabidhi mama mlezi funguo, daftari la dawa na orodha ya watoto uliokuwa ukisoma nao, kila mmoja na silabi alipofikia.